Chai ya Inchi Tisa

Mtu aliyekulia Marangu hafundishwi theluji. Ndivyo nilivyowatambia wenzangu kazini nilipohamia Leadville, Colorado, utadhani utotoni nililala juu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Ukweli ni kwamba theluji ya Kibo niliichungulia kwenye upenyo wa mlango wa choo, asubuhi kabla mawingu hayajaifunika. Waliokuwa wanapanda ni watalii. Sisi tuliwauzia ndizi.

Leadville iko kama mita 3,100 juu ya usawa wa bahari. Ukiihamishia Kilimanjaro inakaa kati ya Mandara na Horombo, vibanda wanakolala wapanda mlima. Maji huku yanachemka kwenye nyuzi 90 hivi, kwa hiyo maharage unayainjika asubuhi na bado unayasubiri magharibi.

Domo langu ndilo lililoniponza. Nikajikuta nimejiandikisha kwenye mtandao wa wananchi wanaojitolea kupima mvua na theluji, ulioanzia huku huku Colorado mwaka 1998, baada ya mafuriko ya Fort Collins ya mwaka uliotangulia. Kazi yenyewe si ngumu. Unalaza ubao mweupe uani, saa moja asubuhi unachomeka rula na kusoma kina. Halafu kuna kipimo cha plastiki: bomba pana, na ndani yake mrija mwembamba wenye alama. Msimu wa baridi unautoa mrija ili theluji iangukie kwenye bomba tupu. Asubuhi unaliingiza bomba ndani, unayeyusha theluji kwa maji ya vuguvugu uliyoyapima, unamimina kwenye mrija, unasoma, kisha unatoa yale uliyoongeza. Hesabu ya darasa la tatu.

Theluji kubwa ya kwanza ikashuka usiku, mama mkwe akiwa ana wiki moja tangu aje kututembelea.

Nikatoka na rula. Ubao mweupe, ua mweupe. Aliyenishauri nichomeke kijiti cha alama nilikuwa nimemcheka. Nikachomeka rula hapa, inchi tatu: kumbe ni mfuniko wa jiko la kuchomea nyama. Nikahangaika karibu robo saa mpaka kidole gumba cha mguu kilipoupata ubao chenyewe. Inchi tisa! Nikalibeba bomba kwa mikono miwili kama mtoto wa ubatizo, nikaliweka kando ya sinki, nikarudi nje na chepe kulifukua gari.

Niliporudi, jikoni kunanukia tangawizi. Bomba limeoshwa, limefudikizwa.

“Mama, theluji iliyokuwa humu iko wapi?”

“Marahaba,” akajibu mama mkwe.

Nikameza mate. “Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Nimeiyeyusha. Maji ya mbinguni hayamwagwi. Ila mna maji ya shida huku, bomba zima halikufika hata kikombe.”

Hapo ndipo akili yangu ya kisayansi ilipowaka. Maji ya vuguvugu si unayatoa kwenye hesabu? Basi na maziwa yatatolewa. Nikaomba kikombe, nikaanza kumimina chai kwenye mrija taratibu, macho yamekaribia alama, majani ya chai yakipanda na kushuka.

“Mama, maziwa umeweka kiasi gani?”

“Ya kutosha.”

“Na umeshakunywa kiasi gani?”

“Mafunda matatu. La nne umeninyang'anya.”

Mke wangu akatokea mlangoni, akaniona nimepiga magoti mbele ya mrija wa chai, mama yake amekaa mikono mitupu. Hakusema kitu. Alirudi chumbani akafunga mlango, na kicheko nikakisikia mpaka jikoni.

Kwenye fomu nikajaza kina: inchi tisa. Sehemu ya maji nikaiacha wazi. Kwenye maelezo nikaandika kwamba sampuli imepotea kwa ajali.

Mama mkwe alikuwa nyuma yangu, kikombe chake kimerudi mkononi.

“Kesho tega bomba kubwa,” akasema. “Tuko watatu.”