Baba Mkubwa Hachekwi

Juzi, zamu ya mchana, bibi mmoja ninayemtunza hapa Norfolk, Uingereza, aliniomba nimsomee kitabu kwa kuwa macho yake yamechoka. Kitabu chenyewe ni Darling cha India Knight, kilichotoka 2022. Ni hadithi ya Nancy Mitford, The Pursuit of Love ya 1945, imevishwa nguo mpya. Familia ni ile ile ya kibwanyenye, watoto watundu na baba mkali, ila baba safari hii ni mwanamuziki wa roki aliyejichimbia huku huku Norfolk asitake kuonana na watu. Bibi alicheka mpaka chai ikamwagikia shuka. Halafu akasema yule wa zamani ndiye hasa, akanituma kabatini nikachukue cha 1945, karatasi zimeshapiga umanjano.

Humo nikakutana na Matthew. Ni mume wa mama mkubwa wa msimulizi, kwa hiyo kwetu angeitwa baba mkubwa, na tabia zote anazo. Juu ya meko ametundika sepetu aliyowaulia Wajerumani wanane vitani mwaka 1915. Anawawinda watoto wake mwenyewe kwa mbwa, kwa mchezo. Na anaamini ng'ambo ni balaa tupu na wageni wote ni mashetani. Hapo nilipofika, na lafudhi yangu hii ya Tanga, nikasita. Bibi akanitazama, kiganja mdomoni. Kisha tukaangua kicheko, yeye kwa haya, mie kwa sababu huyo mtu namjua. Nimelelewa nyumbani kwake.

Lililonikera ni hili: Mitford alikuwa anamwandika baba yake mzazi, Lodi Redesdale (lodi ni bwanyenye mwenye cheo), na mzee alikuwa hai. Binti kamwanika babake nchi nzima imcheke, na miaka 77 baadaye anakuja mwandishi mwingine, anamchukua yule yule, anamvisha upya, watu wanacheka tena. Hakuna aliyeitishwa kikao cha ukoo.

Mie usiku ule nikaandika aya tatu tu kwenye grupu letu la ukoo. Nikakumbusha jinsi marehemu baba mkubwa alivyovaa koti, joto la Tanga mnalijua, ili asikilize taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Anayekohoa anatolewa nje. Simu ile ya kuzungusha ilikuwa na kofuli, ufunguo anao shingoni, hata mama mkubwa akitaka kupiga anaomba ruhusa na kusema anampigia nani na kwa dakika ngapi. Basi. Wa kwanza kujibu: "Marehemu hasemwi." Wa pili: "Uzungu umeshakuingia." Shangazi akaweka ule mkono wa kukataza, bila neno.

Najua mtakalosema na nyie. Mbeba maboksi huyu, anafua mashuka ya wazee wa watu halafu anatufundisha kucheka. Sifundishi mtu. Kucheka tunajua kuliko hawa. Nendeni jikoni siku ya arobaini mkasikie marehemu anavyoigizwa, mwendo wake, kikohozi chake, mpaka watu wanashika mbavu. Lakini mlango umefungwa. Akiingia mgeni, nyuso zinarudi msibani. Ndicho ninacholalamikia: kicheko chetu kizuri namna ile kinaishia penye sufuria.

Na msiniambie hatuna vitabu. Adam Shafi alituingiza kwenye nyumba kubwa tangu 1978, kwa riwaya yake Kasri ya Mwinyi Fuad, na aliingilia mlango wa uani, alipo Kijakazi anayemtumikia bwana mpaka huruma inakugeukia hasira. Hapo nawasifu wetu. Kwa Mitford ukiuliza nani anapika, nani anazoa mavi ya mbwa wale, hujibiwi vizuri. Mie huuliza, ndiyo kazi yangu. Lakini Kasri tumeifanyia nini? Dhamira, wahusika, fani, funga daftari. Mwinyi Fuad wa leo mbona yupo! Ana viwanja ufukweni, ana gari la vioo vyeusi, na dada wa kazi bado anaamshwa saa kumi alfajiri. Nani kamwandika upya, tumcheke?

Mtasema hayo mambo ya kuvisha upya ni ya Wazungu. Gurinder Chadha, mtengeneza filamu mzaliwa wa Nairobi, alichukua riwaya ya Jane Austen, Pride and Prejudice ya 1813, mama anayehangaika kuwaozesha mabinti, akaipeleka Amritsar, India, kwenye filamu ya 2004, na ngoma juu. Kama imekaa Amritsar, Tanga itashindwaje? Mama wa kuhangaikia posa tunao mpaka wa kuazima.

Wala sisemi hawa wamestaarabika kutuzidi. Wanamcheka lodi, na lodi anabaki na shamba lake. Wakati mwingine nahisi kicheko ndicho kinachomlinda: unamwona kituko, unampenda, unasahau kuuliza ardhi aliipataje. Bibi yangu mwenyewe, akimaliza kucheka, huwa anapumua na kusema "zamani ile", kwa sauti ya mtu aliyenyang'anywa kitu. Nanyamaza, namfunika miguu.

Hata hivyo, jana, nikiwa kwenye basi la kurudi nyumbani, simu ikalia. Shangazi, ujumbe wa sauti, faragha, si kwenye grupu. Dakika sita nzima. Ya kwanza yote ni kunisema: mwanangu, siri ya nyumba, baba yako mkubwa aliyekusomesha, watu wa nje watatuonaje. Kisha akanyamaza kidogo, nikasikia mlango unafungwa. Sauti ikashuka.

"Na kwa nini hukusema habari ya friji? Friji nayo ilikuwa na kofuli. Siku ile ufunguo ulipotumbukia chooni..."

Akashindwa kuendelea kwa kucheka.