Gitaa la Zamani Halitaki Kufanywa Jipya

Gitaa la umeme la miaka ya 1960 lililovunjika kichwa likifika mikononi mwa fundi mwenye haraka, mwisho wake unajulikana. Ufa unatiwa supaglu, skrubu mbili ndefu zinazamishwa kutoka nyuma, matundu yanazibwa kwa puti, msasa unapita gitaa zima, kisha linapuliziwa rangi ya gari. Jioni linang'aa. Baada ya miezi michache ufa unafunguka palepale, na fundi wa pili anakuta kazi tatu badala ya moja: kutoa skrubu bila kupasua mbao, kukwangua gundi iliyoganda kama kioo, na kuishi na rangi ya asili ambayo hairudi tena.

Msimamo wangu ni huu: ukarabati wa gitaa la zamani uwe wa kufunguka. Gundi, waya, kifaa, chochote unachotia leo, fundi wa miaka 20 ijayo aweze kukitoa bila kubomoa. Kipimo hicho kimoja kinakuamulia karibu kila kitu, na kazi nyingi zinazokipita zinafanyika nyumbani juu ya meza yenye blanketi.

Kabla ya bisibisi kugusa kitu, piga picha kila upande, na picha nyingine nyaya zikionekana. Skrubu za kila sehemu zikae kwenye bahasha yake yenye jina. Gitaa za Marekani za zamani zina skrubu za vipimo vya inchi. Ukilazimisha ya milimita inayofanana nayo, unakula hesi za tundu na hutazipata tena.

Sasa shingo. Gitaa za kampuni ya Gibson za aina ya Les Paul na SG huvunjika mahali pamoja, nyuma ya kizingiti, yaani kile kipande kinachopitisha nyuzi zikiingia kichwani. Si bahati mbaya. Kichwa kimeinamishwa nyuma kwa digrii 17, na shingo pamoja na kichwa vimechongwa kwenye ubao mmoja wa mahogani, jamaa wa mkangazi wetu. Nyuzinyuzi za mbao zinafuata urefu wa shingo. Kichwa kinapoinama zinakatwa mshazari na kubaki fupi. Hapo hapo mbao imechimbwa ili ufunguo uifikie nati ya fimbo ya chuma inayonyoosha shingo. Mahali palipo dhaifu ndipo palipopunguzwa mbao, na juu yake nyuzi zinavuta kwa zaidi ya kilo 40. Hata ndani ya kesi halisalimiki: kesi ikipiga chini, uzito wa funguo za kukazia nyuzi unakirusha kichwa na mbao inaachia. Gibson wenyewe walilijua. Katikati ya miaka ya 1960 walipunguza mwinamo hadi digrii 14, na kuelekea 1970 wakaongeza nundu ya mbao nyuma ya shingo. Kampuni ya Fender walilikwepa tangu mwanzo kwa kichwa kilichonyooka na shingo, ndiyo maana zao huvunjika hapo mara chache.

Tazama mvunjiko kabla ya kutafuta gundi. Ukiwa mrefu wa mshazari, sentimita 5 au zaidi, una bahati, kwa sababu eneo la kushikana ni kubwa na gundi peke yake inatosha. Ukiwa mfupi, umekatika kama fimbo ya muwa, gundi peke yake haitastahimili mvuto wa nyuzi. Huo unataka vipande vya mbao vipandikizwe kuvuka ufa, na hiyo ni kazi ya mtu mwenye mashine na mazoezi. Mpelekee.

Kwa mvunjiko mrefu, gundi ninayoitetea ni ile ya mbao ya njano, kama Titebond Original, kwa kuwa joto linailegeza siku ya kuifungua. Gundi nyeupe ya kawaida hubaki na ulaini fulani, nayo huteleza polepole chini ya mzigo wa kudumu, kichwa kikaanza kusogea bila wewe kuona. Araldite inashika na inajaza mapengo, lakini kuitoa ni mateso. Iwe ya mwisho, pale ambapo mbao imepotea. Supaglu inaganda kabla hujapanga sawa, ni kavu isiyovumilia mshtuko, na asetoni inayoiyeyusha inayeyusha pia rangi ya gitaa. Gundi ya moto ya ngozi ni bora kwa kufunguka, ila inataka nyuzi joto 60 hivi na mkono unaomaliza ndani ya dakika moja.

Toa nyuzi zote, kisha legeza nati ya fimbo. Ya Gibson ni ya inchi 5/16, na soketi ya milimita 8 inaingia. Usiguse nyuso zilizovunjika kwa vidole, maana mafuta ya ngozi yanaifukuza gundi. Usizijaribishe kila dakika, kwa kuwa kila zinapokutana zinakunja vijinyuzi vinavyotakiwa kuingiana kama meno ya kitana. Kibanzi kilichotoka, hata cha ukubwa wa kucha, kihifadhi kwenye selotepu. Hesi za fimbo zipake nta ya mshumaa kwa kijiti, kidogo sana na isifike kwenye mbao, ili gundi isiigandishe nati.

Fanya jaribio moja kavu, na klampu zako zote. Hapa ndipo wengi wanakwama: kichwa kimeinama, hivyo klampu ikikazwa inateleza na kukisukuma kichwa pembeni. Dawa yake ipo kwa fundi baiskeli. Chukua tyubu kuukuu, ipasue kwa urefu upate mikanda ya upana wa sentimita 2. Funga eneo la ufa kwa nailoni laini ili gundi isishike, zungusha juu yake kitambaa cha pamba, kisha zungusha mpira ukiuvuta kwa nguvu, kila mzunguko ukikanyaga nusu ya uliotangulia. Baada ya mizunguko 8 au 10 gundi itachuruzika sawasawa kwenye mstari wote wa ufa, kitu ambacho klampu mbili hazifanyi. Kitambaa usikiruke. Rangi ya zamani ya nitroselulosi inaathiriwa na mpira, na alama yake haifutiki.

Kazi hii ifanye asubuhi, feni ikiwa imezimwa. Gundi ya njano inakupa kama dakika 5, na joto na upepo vinazipunguza. Paka pande zote mbili kwa brashi ndogo, bana, kisha weka rula ndefu ubavuni mwa shingo na kichwa kuhakikisha hakijateleza. Futa ziada kwa kitambaa chenye unyevu. Acha saa 24 bila kufungua, ongeza siku 2 kabla ya kuvalisha nyuzi, na uzikaze kidogo kidogo siku nzima. Ufa uliogeuka mstari mwembamba mweusi uache uonekane. Na gitaa hilo lisilale ndani ya gari lililofungwa juani, kwa kuwa joto la namna hiyo linailegeza gundi ileile tuliyoichagua kwa sababu inalegea kwa joto.

Upande wa umeme, lawama nyingi zinaangukia pikapu, yaani kile kifaa cha sumaku na koili kinachonasa mtikisiko wa nyuzi, bila kosa. Anza na tundu la jeki, unapochomekwa waya wa amplifaya: ulimi wake umelegea au umeshika kutu ya kijani, hasa kwa gitaa lililoishi Tanga, Zanzibar au Mombasa penye hewa ya chumvi. Safisha kwa spiriti safi na kitambaa, ukunje ulimi ndani kidogo. Zifuate volyumu. Mkwaruzo unaousikia ukizungusha ni uchafu juu ya njia ya kaboni. Pulizia dawa ya kusafishia mawasiliano ya umeme yenye kilainishi, si mafuta ya kufungulia nati, halafu zungusha mara 20 au 30. Nyingi zinapona hapo.

Volyumu isipopona, soma namba iliyopigwa mgongoni kabla hujaitupa. Mfano 1376633: 137 ni kiwanda cha CTS, 66 ni mwaka 1966, 33 ni wiki ya 33. Ikianza na 304 ni Stackpole. Hicho ndicho cheti cha kuzaliwa cha gitaa, kinaonyesha haliwezi kuwa na umri zaidi ya volyumu zake, kama bado ni zile za awali. Inauma kuona watu wanazitupa ili kutia mpya za bei chee. Ukilazimika kubadili, kiloomu 250 kwa pikapu za koili moja na 500 kwa zile za koili mbili ndiyo kawaida, ingawa Fender Jaguar na Jazzmaster zilitoka na za megaomu 1.

Wakati wa kulehemu mgongo wa volyumu, chuma cha kulehemu kilicho dhaifu kina madhara zaidi kuliko chenye nguvu. Cha wati 15 kitakaa sekunde 30 kikihangaika, na joto lote litapenya kuikaanga kaboni ndani. Tumia cha wati 40 au zaidi chenye ncha pana, kwaruza mahali hapo, gusa sekunde 3 au 4, toa.

Pikapu ipime kwa multimita kwenye kipimo cha kiloomu 20. Ya Fender Stratocaster ya miaka ya 1960 inasoma takriban 5.5 hadi 6.5, ya Gibson ya koili mbili, 7 hadi 8.5. Mita isiposoma kitu, waya umekatika. Waya huo una unene wa milimita 0.063, sawa na unywele, na umezungushwa mara elfu kadhaa. Igeuze pikapu chini ya taa kali, ukiwa na kioo cha kukuzia. Utaona waya mwekundu wa shaba ukitoka kwenye koili na kuingia kwenye kijitundu cha shaba chenye tone la lehemu. Mara nyingi umekatikia hapo hapo, milimita 2 au 3 tu kutoka kwenye tone, na tone jipya linaufufua. Ikiwa si hapo, kwenye pikapu za Fender mkosaji ni kutu: koili imezungushwa moja kwa moja juu ya sumaku, sumaku ikivimba kutu inaula waya wa ndani. Usijaribu kamwe kuzisukuma sumaku hizo ili kubadili kimo chake. Zinakata waya zikisogea. Pikapu iliyokufa hivyo weka nyingine mahali pake, na ya asili itunze hadi utakapopata mtu wa kuizungusha upya.

Mvumo unaokoma ukigusa nyuzi si ugonjwa. Lakini ukiongezeka au usipobadilika, pima kati ya daraja, kile chuma kinachobeba nyuzi mwilini mwa gitaa, na chuma cha nje cha jeki. Mita isome chini ya omu 2. Isiposoma, waya wa ardhi unaokwenda darajani umeachia. Hapo kuna hatari moja ambayo haina mzaha. Amplifaya za zamani za Marekani zenye plagi ya miguu miwili hazina ardhi, na kapasita inayounganisha umeme wa ukutani na bodi yake ya chuma ikiharibika, umeme unafika kwenye nyuzi na kwako, hasa midomo ikigusa maikrofoni. Zitiwe waya wa nyaya tatu na kapasita hiyo iondolewe. Kazi hiyo mpe fundi wa umeme, kwa kuwa ndani mna mamia ya volti hata baada ya kuzima.

Freti, vile vyuma vinavyokingama shingoni, zikipigwa tupa, funika pikapu kwa selotepu ya karatasi na usitumie sufi ya chuma karibu nazo. Vumbi lake linanaswa na sumaku. Rangi iliyopasuka usiipake juu. Sokoni gitaa lililopakwa upya hushuka mara nyingi hadi karibu nusu ya bei ya lenye rangi yake iliyochakaa, na wanunuzi wana haki.

Ukimaliza, bahasha ya vipuri ulivyotoa iingie mfukoni mwa kesi pamoja na karatasi: tarehe, gundi gani, kapasita gani, pikapu ilisoma ngapi.