Walimwambia Amezeeka

Kila nikisikia mtu akiambiwa "mzee, sasa pumzika", namkumbuka Amos Alonzo Stagg, kocha wa futiboli ya Kimarekani, ile ya kukimbia na mpira wenye umbo la yai huku watu wakiangushana.

Alizaliwa mwaka 1862. Alisomea dini Chuo Kikuu cha Yale akitaka uchungaji, kisha akaona vijana atawalea vizuri zaidi uwanjani kuliko mimbarini. Mwaka 1892 akaanza kazi Chuo Kikuu cha Chicago, nacho wakati huo kichanga kabisa. Mwaka 1905 timu yake iliifunga timu ya Chuo Kikuu cha Michigan 2-0, na Michigan hiyo ilikuwa haijapoteza mchezo katika mechi 56. Mkewe, Stella, alikuwa akienda na daftari kuchungulia wapinzani wanavyocheza. Kwangu mimi, huyo naye ni kocha.

Baada ya misimu 41 rais wa chuo, Robert Hutchins, akamwambia umri wa kustaafu umefika: miaka 70. Nitakuwa mkweli, misimu yake ya mwisho Chicago ilikuwa mibaya, na aliyetaka kumwondoa kwa sababu ya matokeo alikuwa na hoja. Lakini si matokeo yaliyotajwa. Ilitajwa miaka. Akapewa nafasi nyingine pale pale chuoni, kazi ya heshima isiyo na mpira. Akaikataa, akafunga mizigo hadi Stockton, California, kufundisha chuo kidogo kiitwacho Pacific.

Hapa ndipo napenda hadithi hii. Mwaka 1938, akiwa na miaka 76, alirudi Chicago na vijana wake, wakacheza katika uwanja wenye jina lake mwenyewe. Pacific 32, Chicago 0. Mwaka uliofuata Chicago wakaifuta timu yao. (Uwanja ukabaki: Desemba 1942, chini ya majukwaa yake, mwanafizikia Enrico Fermi na wenzake wakawasha tanuri la kwanza la nyuklia.)

Mwaka 1943, akiwa na miaka 81, makocha wenzake walimchagua kocha bora wa mwaka.

Alifariki mwaka 1965, ana miaka 102. Alipokaribia 100 bado alikuwa akienda uwanjani Stockton, kuwafundisha wapigaji namna ya kuupiga mpira kwa mguu.