Fimbo Tuliyomkabidhi Kiranja

Januari 2026, wanafunzi wa kwanza kabisa wa Gredi ya 10, mwaka wa kwanza wa sekondari ya juu katika mtaala mpya, waliingia shule za sekondari nchini Kenya. Waliopelekwa shule za bweni walipokewa na Kidato cha Tatu, yaani wale waliofanya KCPE ya mwisho, mtihani wa kumaliza darasa la nane, mwaka 2023. Hebu tufuate safari ya hawa wenyeji. Mwaka 2024 walikuwa Kidato cha Kwanza, wadogo kuliko wote. Mwaka 2025 walipanda Kidato cha Pili, lakini mtaala ulikuwa umebadilika na hakuna aliyeingia nyuma yao. Miaka miwili mizima walikaa chini kabisa ya ngazi, bila kupata mono wao.

Kila aliyelala bwenini Kenya analijua neno hilo. Mono ni mgeni, wa kutumwa maji, wa kufua soksi za wakubwa, wa kufunguliwa sanduku na kuonjewa vyake kabla hajavionja mwenyewe. Tanzania humwita njuka. Naanza na miaka hiyo miwili kwa sababu inaonyesha jambo linalopitwa haraka kila tunapozungumzia uonevu shuleni: huu wa bwenini hurithishwa kama deni. Mtoto anafua leo akijua kesho atafuliwa. Na mdai aliyecheleweshewa malipo yake ni mtu wa kuangaliwa kwa makini.

Wapo wanaosema tusikuze mambo, hayo yalitukomaza. Wengi wao ni watu wazima wenye kazi nzuri, na si waongo. Shule ya bweni ilimfunza mtoto kuamka mapema, kutunza vitu vyake, kuishi na wenzake wa makabila asiyowahi kukutana nao kijijini. Wanaongeza kwamba sisi ni watu wa utani, na mtoto asiyeweza kutaniwa ataishije na watu?

Hoja ya utani inastahili jibu, maana utani ni wetu kweli. Lakini utani una sheria. Mtani wangu akinisema msibani, nami nina ruhusa ya kumsema siku ya msiba wake, mbele za watu, na hakuna wa kunigusa. Utani ni wa kwenda na kurudi. Mono akijibu, anapigwa. Kinachoenda bila kurudi kina jina lake, nalo ni kuonea. Kuhusu kukomaa, nina swali moja tu: tunamsikiliza nani? Kwenye mikutano ya wanafunzi wa zamani wanakaa waliomaliza. Aliyehama muhula wa pili akiwa amenyamaza hivi kwamba mama yake hakumtambua hana kiti pale, wala hana kadi ya mwaliko.

Upande wa pili ni wa wazazi. Mtoto amerudi nyumbani na mgongo wenye alama, na mzazi anataka aliyefanya hivyo afukuzwe, na ikiwezekana apelekwe polisi. Sheria haiko mbali na mzazi huyu. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kinakataza mwanafunzi kuteswa au kudhalilishwa, kimwili au kisaikolojia, na anayevunja anaweza kutozwa faini hadi shilingi 100,000 au kufungwa hadi miezi sita, au vyote viwili. Sina moyo wa kumwambia mzazi huyo apunguze hasira. Ningekuwa yeye ningedai hayohayo.

Ila adhabu hiyo inamfikia mtoto mmoja, na asubuhi yake kitanda chake kinapata mwingine. Mapema 2017 habari za wanafunzi wa Kidato cha Kwanza kupigwa na kudhalilishwa na viranja ziliitikisa Alliance, shule iliyoanzishwa Kikuyu mwaka 1926 na kulea mawaziri na majaji. Mkuu wa shule akastaafu mapema. Ukisoma neno “viranja” hapo, simama kidogo. Hawa hawakuwa wahuni waliojipenyeza. Walikuwa watoto waliochaguliwa kwa nidhamu yao, wakapewa vyeo na shule yenyewe.

Mfumo huo ni mkongwe. Thomas Arnold, aliyeongoza shule ya Rugby huko Uingereza kuanzia 1828 hadi 1841, aliwakabidhi wavulana wakubwa mamlaka ya kuwatawala wadogo, na mtindo huo ukaenea katika shule za Waingereza hadi zile walizozijenga makoloni. Ulidumu hapa kwa sababu ni rahisi kifedha. Maandalio ya usiku yakiisha, mwalimu wa zamu anakwenda kwake, na bweni lenye watoto wengi linabaki mikononi mwa kijana wa miaka 17. Tangu 2018, serikali ilipoanza kusukuma kila aliyemaliza darasa la nane aingie sekondari, mabweni yamefurika, na mzigo wa kijana huyo umezidi.

Na yeye tunamsahau. Mei 1999, katika shule ya upili ya wavulana ya Nyeri, wanafunzi waliwafungia viranja wanne katika chumba chao usiku na kuwachoma moto. Wote wanne walikufa. Tulimpa mtoto kazi ya askari, bila mafunzo wala ulinzi, tukamlaza katikati ya anaowaadhibu. Kila nikisikia mtu akisema viranja ndio waonevu wakubwa, nakumbuka wale wanne.

Tukio hilo linajibu pia dai ninalolisikia sana kwa walimu, kwamba nidhamu ilivunjika kiboko kilipopigwa marufuku mwaka 2001. Nyeri ilitangulia marufuku. Wakati huo mwalimu alichapa, kiranja akachapa, na mono alikuwa mono vilevile. Kilichotokea baadaye katika shule kadhaa ni kwamba fimbo iliyotoka mkono wa mwalimu haikuzikwa. Ilihamia mkono wa mtoto, mahali ambapo mkaguzi haioni.

Mwaka 2009 palikuja mabaraza ya wanafunzi, ili viongozi wapigiwe kura na wenzao badala ya kuteuliwa ofisini. Hatua nzuri, na naiunga mkono. Kiongozi anayehitaji kura ya mdogo hujifunza jina lake. Lakini kura inabadilisha nani anashika ufunguo wa bweni. Haibadilishi kwamba aliyeushika ni mtoto.

Niseme langu. Nilisoma bweni. Kidato cha kwanza nilifua soksi za mtu mwaka mzima na kila Jumapili nililia chooni. Kidato cha tatu nilimtuma mtoto maji usiku, mvua ikinyesha, naye akaenda. Hakuna aliyenifundisha. Sikuwa nimegeuka mtu mbaya, nilikuwa nalipwa deni langu, na mwalimu aliyetuona asubuhi alituita wanaume.

Kwa hiyo nakubaliana na wazazi katika jambo moja, bila kupunguza: mtoto akipigwa, aliyempiga asilale naye chumba kimoja usiku huo. Apelekwe nyumbani, au ahamishiwe bweni jingine chini ya macho ya mtu mzima, kisha bodi ikae ichunguze kwa muda wake. Nimeona kesi ambapo uchunguzi ulichukua wiki tatu na wote wawili wakiendelea kulala kitanda cha tatu na cha nne. Lakini kufukuza kusiwe ndiyo dawa yenyewe. Anayefukuzwa huingia shule nyingine na sanduku lake na tabia yake, akakuta mono wapya wasiojua historia yake.

Dawa yenyewe ina gharama, na wakuu wa shule hunikumbusha. Matroni wa kulala bwenini anataka mshahara, na pesa za serikali huchelewa hadi muhula unakaribia kwisha. Nalielewa hilo. Bado kuna lisilohitaji senti: kumwondolea mtoto mamlaka ya kuadhibu. Kiranja apige kengele, agawe zamu za kufagia, aandike majina ya wagonjwa, aite mtu mzima. Asipigishe mtu magoti, asimkatie mtu mlo, asishike fimbo. Uongozi atajifunza humohumo, tena ule wa kumtumikia mwenzake.

Wale wa Kidato cha Tatu wataondoka mwishoni mwa 2027, wakishafanya KCSE ya mwisho, mtihani wa kumaliza Kidato cha Nne. Kati ya Januari 2026 na siku hiyo ni mihula sita. Gredi ya 10 iliyowakuta itakuwa inamaliza Gredi ya 11, na ufunguo wa bweni utakuwa unatafuta mkono wa kuushika.