Ruhr baada ya makaa: mnara ubaki, ila wa nani?

Tarehe 21 Desemba 2018, kwenye mgodi wa Prosper-Haniel mjini Bottrop, wachimbaji walimkabidhi Rais Frank-Walter Steinmeier bonge la mwisho la makaa ya mawe. Migodi ya makaa ya chini ya ardhi ya Ujerumani ikawa imefika tamati. Minara ya migodi na matanuri ya chuma ya miji ya Ruhr, eneo la viwanda magharibi mwa Ujerumani, je?

Essen ilichagua kuhifadhi. Mgodi wa Zollverein ulifungwa Desemba 1986 lakini haukubomolewa, na mwaka 2001 UNESCO ikauweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Duisburg nako, kiwanda cha chuma kilichozimwa 1985 sasa ni bustani, na watu wanapiga mbizi ndani ya tangi lake la gesi! Watetezi wana hoja nzito. Mjukuu wa Mpolandi na mtoto wa Mturuki, ambao wazee wao walikuja kuchimba makaa, waliunganishwa na nini huko kama si shimo moja? Mpaka leo mashabiki wa klabu ya soka ya Schalke 04 huimba wimbo wa wachimbaji uwanjani, wengi wao wakiwa hawajawahi kushuka mgodini.

Dortmund, mtaa wa Hörde, ilikwenda njia nyingine. Kiwanda cha Phoenix kilifungwa 2001, mitambo ikang'olewa na kupelekwa China, na kuanzia 2010 mahali pake pakajazwa maji. Leo ni ziwa lenye boti na nyumba za wenye nazo. Anayesema afadhali ziwa kuliko kutu simbezi: Gelsenkirchen, nyumbani kwa Schalke, ni kati ya miji ya Ujerumani inayosumbuliwa zaidi na ukosefu wa ajira, na nyimbo hazilipi kodi ya nyumba.

Mimi naegemea kuhifadhi, ila kwa shingo upande, maana mashine zimetunzwa kuliko watu. Ningeanza na Eisenheim, Oberhausen: mtaa wa wafanyakazi ulioanza 1846, ambao miaka ya 1970 wakazi wenyewe waligoma usibomolewe. Huko bado kuna watu wanaanika nguo.

Kuna urithi mwingine usiopigwa picha na mtalii yeyote. Uchimbaji umeididimiza ardhi, sehemu za Essen kwa zaidi ya mita 20, hivyo pampu hazina budi kuvuta maji usiku na mchana ili isifurike, bila tarehe ya mwisho. Wa mnara na wa ziwa, wote wanalala wakizitegemea.