Kishikwambi na mwalimu: Tanga ilituonyesha nini?

Mwishoni mwa 2017, watoto wapatao 3,000 katika vijiji takriban 170 vya mkoa wa Tanga walianza kupewa vishikwambi ili wajifunze kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Hawakupewa mwalimu. Karibu robo tatu yao waliripotiwa kuwa hawajawahi kukanyaga darasani, na zaidi ya tisa katika kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja. Hilo lilikuwa jaribio la Global Learning XPRIZE, shindano la kimataifa la kuunda programu za kumwezesha mtoto kujifunza mwenyewe, lenye zawadi kuu ya dola milioni 10, lililofanyika kwa ushirikiano na Serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Timu tano zilifika fainali. Mei 2019 zawadi ikagawanywa kati ya washindi wawili, Kitkit School na onebillion.

Baada ya miezi 15, idadi ya watoto wasioweza kusoma hata neno moja ilikuwa imepungua kwa nusu.

Naanza na Tanga kwa sababu tunapojadili teknolojia na elimu tumezoea kupimana kwa shauku au kwa hofu, ilhali hapa nyumbani tuna jaribio la kweli, lililofanywa kwa lugha yetu. Na kila upande wa mjadala unaweza kuchota ushahidi wake humo.

Wanaotetea teknolojia wana hoja nzito. Tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, uandikishaji wa darasa la kwanza uliongezeka mno, na shule nyingi za umma zikawa na darasa moja lenye watoto zaidi ya mia. Hebu fikiria kazi ya mwalimu wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) katika chumba hicho. Ili mtoto ajue kusoma, lazima mtu amsikilize akisoma, amsahihishe palepale, kisha amrudishe kwenye silabi iliyomshinda. Ukiwapa watoto mia dakika moja moja tu, vipindi viwili vimekwisha na wa kwanza ameshasahau. Mwalimu hufanya analoweza: anaandika ba, be, bi, bo, bu ubaoni, darasa zima linaitikia kwa sauti moja, na wale waliokaa nyuma wanaitikia wakiwa wamekariri wimbo, macho yako dirishani. Programu nzuri ya kusoma haina haraka. Inamtamkia mtoto silabi, inamsubiri aguse herufi, akikosea inarudia bila kumwaibisha mbele ya wenzake. Kiswahili nacho kinasaidia, maana maandishi yetu hufuata matamshi: mtoto akishika silabi, mlango wa kusoma umefunguka. Naamini hiyo ni sababu mojawapo kubwa iliyofanya miezi 15 ilete matunda yale.

Lakini tuitazame na nusu ya pili. Ikiwa idadi ya wasiojua kusoma neno hata moja ilipungua kwa nusu, basi maelfu ya saa za kuchezea skrini ziliwaacha watoto wengi palepale walipokuwa. Na kusoma neno si kuelewa habari. Isitoshe, hata pale ambapo tunasema mwalimu hakuwepo, palikuwa na mtu mzima. Kila kijiji kilikuwa na mtu wake, mara nyingi mama, aliyekabidhiwa vishikwambi, akavichaji kwenye kituo cha umeme wa jua na kuwahimiza watoto wavitumie. Hakufundisha, ila alikuwepo. Bila yeye vifaa vile vingekuwa vibao vya kioo katika wiki chache.

Kenya iliipitia njia nyingine. Mwaka 2013 serikali mpya iliingia na ahadi ya kompyuta mpakato kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Mzozo wa zabuni ukachelewesha mambo, mpango ukageuzwa kuwa wa tableti, na kuanzia 2016 zaidi ya vifaa milioni moja vikasambazwa katika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000. Faida ilikuwepo, na wakosoaji huisahau: mpango huo uliharakisha kufikisha umeme katika shule za vijijini. Hata hivyo, kwenye shule nyingi tableti ziliishia kufungiwa kabatini. Mwalimu mkuu hulaumiwa kwa hilo, na mimi naona tunamwonea. Mtu anayejua kwamba kifaa kikiibwa ataulizwa yeye, na kwamba matumizi yake hayamo kwenye ratiba wala kwenye mtihani, atanunua kufuli. Ndivyo yeyote kati yetu angefanya.

Tanzania ilichagua kuanza na walimu, na vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022 vikaelekezwa kwao. Naona huo ulikuwa uamuzi wa busara kuliko wa jirani zetu, kwa kuwa mwalimu mmoja akikielewa kifaa, kinawafikia watoto wote anaowafundisha. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo imeweka vitabu vya kiada mtandaoni bure. Kwa shule ambayo wanafunzi wanagombea kitabu kimoja, hilo si jambo dogo. Shida inaanzia mwalimu anapotakiwa kununua bando kwa hela yake ili apakue kitabu cha kazi, au LUKU ya shule inapokatika katikati ya mwezi. Gharama hizi ndogondogo haziingii kwenye hotuba za uzinduzi, na ndizo zinazoua miradi.

Ushahidi mwingine unanivuta zaidi. Shule zilipofungwa mwaka 2020, watafiti nchini Botswana walijaribu kuwafikia watoto wa shule za msingi kwa simu za kawaida kabisa. Familia nyingine zilitumiwa ujumbe mfupi wenye maswali ya hesabu kila wiki. Nyingine zilipata ujumbe huohuo pamoja na simu ya mwezeshaji ya kama dakika 20. Waliopigiwa simu walipiga hatua ya kueleweka katika hesabu, lakini ujumbe peke yake haukuleta tofauti ya maana. Zanzibar ilishaonja jambo linalofanana na hilo miaka zaidi ya kumi kabla yake, kupitia vipindi vya redio vya Tucheze Tujifunze: redio inaimba na kuuliza, watoto wanajibu na kucheza, na pembeni yupo mlezi anayewaongoza. Redio ni teknolojia pia, nasi tumeidharau mapema mno.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: katika miaka ya mwanzo ya kusoma, teknolojia ina thamani kubwa kuliko wanavyokubali wapinzani wake, mradi iwe kwa lugha anayoielewa mtoto na awepo mtu mzima wa kumfuatilia. Kwingineko nina mashaka zaidi. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliyesoma miaka yote kwa Kiswahili, sasa anawekewa video ya Fizikia kwa Kiingereza, haongezewi mwanga, anaongezewa kasi ya kutoelewa. Kifaa hakiwezi kutatua suala la lugha ya kufundishia ambalo sisi wenyewe tumelikwepa kwa miongo mingi.

Wapo watakaosema fedha hizo zijenge madarasa kwanza, ziajiri walimu. Sibishani nao juu ya walimu. Lakini mtoto aliyeko darasa la pili leo hawezi kusubiri hadi uwiano wa walimu ukae sawa. Programu za fainali ya Tanga zilitolewa kwa chanzo huria, zinazungumza Kiswahili, na zilitumika vijijini bila kutegemea intaneti. Vishikwambi kumi vyenye programu za aina hiyo, vikipokezanwa na makundi ya watoto walioachwa nyuma kwa nusu saa kila siku huku mwalimu akiwasikiliza wengine wakisoma, ni mpango ambao halmashauri inaweza kuanza nao katika shule chache. Viingizwe kwenye ratiba, chaji yake ilipwe na shule, na kikiharibika kwa matumizi ya kawaida mwalimu asikatwe mshahara.