Mashairi ya taarab darasani: karatasi peke yake haitoshi

Bob Dylan alipopewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2016, waliopinga walisema maneno ya wimbo yakivuliwa sauti hayasimami. Hoja hiyohiyo huibuka Unguja kila taarab inapotajwa katika somo la ushairi chuoni. Ina uzito, lakini kwetu haifiki mbali: tenzi hughanwa kwa mahadhi, na mashairi mengi ya taarab asilia yametungwa kwa mizani (hesabu ya silabi) na vina (silabi zinazofanana mwishoni mwa vipande), sawa na yale ya diwani.

Ugumu uko kwenye kuyanukuu. Chukua mshororo huu tulioutunga kwa mfano: "Nyumba haina mlango, na mgeni yu njiani." Ukwapi, yaani kipande cha kwanza, una mizani 8; utao, kipande cha pili, 8. Mwanafunzi akiuhesabu kwa haraka hupata 7 na 7, kwa kuwa amesahau kwamba "m" ya mlango na ya mgeni ni mizani kamili. Akiuandika kutoka kwenye rekodi hupata 20 na zaidi, maana mwimbaji huvuta irabu, hurudia nusu ya mshororo na kuchomeka "jamani" au "yalaiti". Basi wimbo usikilizwe mara tatu: kwanza bila kalamu, pili kuandika kila kinachosikika, tatu kupigia mstari marudio na vichomekwa, ndipo mizani ihesabiwe. Vichomekwa hivyo visifutwe, kwani navyo vina kazi yake.

Wapinzani wana haki zaidi kwenye maana. Shairi la fumbo likiimbwa harusini, mtu huinuka kumtunza mwimbaji pale penye ubeti unaomgusa, na ukumbi mzima ukajua nani kapigwa kijembe. Maana hiyo haimo kwenye karatasi. Mwalimu anayedai jibu moja la "nyumba isiyo mlango" anaua shairi lenyewe. Aulize linaweza kumwelekea nani, na neno gani linaruhusu hivyo.

Kuna pia suala la matini. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alirekodi Bombay mwaka 1928, na nyimbo za zama zake zimetufikia kwa santuri na kwa vinywa vya waimbaji waliofuata. Beti huhama, maneno hubadilika. Kwa anayetaka matini moja sahihi ya mtihani hiyo ni kasoro. Kwetu ndiyo sababu kubwa ya kuzifundisha. Weka matoleo mawili kando kwa kando, mwanafunzi aseme kilichobadilika kimeathiri kina au maana.

Zenji Fleva, muziki wa kizazi kipya wa Zanzibar, isipimwe kwa kipimo hiki. Mishororo yake hufuata mapigo ya muziki, si mizani 16, na kuihukumu kwa vina vya kati ni kuionea. Lakini tusidai kila wimbo unaopendwa unastahili kipindi. Saa za muhula zina kikomo, na mwanafunzi asiyesoma Utendi wa Mwana Kupona, mausia ya mama kwa bintiye, hatakuwa na cha kulinganishia mausia anayoyasikia kwenye taarab. Kwa maoni yetu, utenzi utangulie.

Na jina la mtunzi liandikwe juu ya kila shairi. Mara nyingi anayetunga si anayeimba, na darasa linalomtaja mwimbaji pekee linasoma fasihi huku limemfuta aliyeiandika.